Mbegu za Walevi na Wagonjwa

Ukitaka kujua Mtanzania anaiheshimu mbegu gani, usisikilize anachosema kwenye semina. Tazama anampa nani aile. Mtama? Huo ni wa pombe. Ulezi? Uji wa mtoto anayeota meno, au wa mgonjwa aliyeshindwa kumeza. Kweme? Mpe mzazi apate maziwa. Njugu mawe? Za kutafuna ukisubiri basi. Halafu mtu mzima, mwenye afya yake na njaa yake, akikaa mkekani saa saba mchana anataka nini? Sembe. Nyeupe pe, iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga, na kile kiini chenye mafuta na vitamini tumeshawapelekea kuku kwa jina la pumba.

Mimi nasema, ndugu msomaji, hayo mapenzi ya vyakula vya asili tunayoimba ni ya mdomoni tu. Tumezipangia mbegu zetu zamu: mlevi, mgonjwa, mzazi, mtoto mchanga. Mwenye nguvu zake hayumo. Na mbegu iliyofukuzwa kwenye sufuria ya kila siku haikai sana shambani. Atailima nani, kwa ajili ya nani?

Kabla hatujafika mbali tuelewane kuhusu hilo neno "asili", maana limeshachakazwa. Mahindi ni ya Amerika, yalivuka bahari zama za Wareno. Maharage pia ni ya huko huko, na karanga, na muhogo, na hata lile boga ambalo kila mshairi chipukizi analiweka kwenye shamba la babu yake. Ndizi, ambazo sisi watu wa Kagera tunazijivunia mpaka tunatukanwa kwa ajili yake, zimetoka Asia ya Kusini Mashariki, ingawa zimekaa huku muda mrefu kiasi cha kusahau njia ya kurudi. Wenyeji hasa, waliozaliwa katika udongo wa bara hili, ni wachache: mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe, mumunye. Sina vita na wageni. Nimekula ndizi na maharage tangu sijaota meno na nitaendelea. Ninachokikataa ni mgeni kukalishwa kwenye kiti na mwenye nyumba kulazwa uani.

Mimi ni mtu wa Mbuba, wilayani Ngara, vilima vya mpakani na Burundi na Rwanda. Ulezi kwetu haukuwa chakula cha kuelezewa. Warundi na Wanyarwanda wanauita uburo, Wahaya na Wanyankole wanasema oburo. Jina moja linazunguka eneo lote hili kama jirani ambaye kila nyumba inamfahamu. Wataalamu wanasema ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za kutoka Ethiopia mpaka Uganda. Maana yake hatukuletewa na mtu.

Bibi yangu alikuwa na ulezi wa aina tatu. Mmoja vidole vya suke lake vilijikunja kama ngumi. Wa pili vilinyooka na kuachana, kama mkono wa mtu anayesema "basi". Wa tatu ulikuwa mfupi, mwekundu, unawahi kukomaa, na huo ndio aliokuwa akiupanda mvua zikichelewa. Alizijua kwa kuzishika. Kabla ya mavuno alipita shambani peke yake akachagua masuke ya mbegu na kuyafunga kamba ya mgomba ili mtu asije akayavuna. Mengine yote tuliyakata moja moja kwa kisu kidogo. Mbegu ilikaa kwenye kibuyu, uchagani juu ya moto, inakula moshi.

Na ulezi unatunzika, bwana! Punje yake ni ndogo mno, bunguo hapati pa kulaza mtoto wake ndani. Unakaa ghalani miaka, wenyewe hauna habari. Linganisha na mahindi: mwanzoni mwa miaka ya 1980, dumuzi alipoonekana mkoani Tabora, naye akiwa mgeni kutoka Amerika vile vile, wakulima walimwita Scania, kama lile lori, kwa jinsi alivyokuwa akilipitia ghala. Tangu hapo mkulima wa mahindi hununua dawa ya kumwagia chakula chake mwenyewe. Hayo ndiyo maendeleo.

Bibi alipofariki, kibuyu kilikaa msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyekichukia. Nyumba nzima ilikuwa inakula mahindi, na mtu hupanda anachokula. Msimu wa tano mjomba alikiteremsha akakipeleka kwa mama mmoja mpika pombe. Aina tatu za ulezi, ambazo mikono ya wanawake wa ukoo wetu ilizichagua kwa sijui vizazi vingapi, zikaishia kwenye kimea cha harusi. Watu walikunywa, wakacheza, wakalala.

Utaniambia mbegu hazijapotea, kuna benki ya taifa ya vinasaba vya mimea Arusha, wanazihifadhi kwenye baridi. Vizuri, na wale wanaofanya kazi ile nawashukuru. Lakini ile baridi inahifadhi punje. Haiwezi kuhifadhi kidole kinachojua kwamba hii imekauka na hii bado.

Mahindi yaliingiaje hivi kwetu? Shule za bweni, ndiyo. Mashine ya kusaga, ndiyo. Lakini Ngara tuna sura yetu ya peke yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa, bila mji wenyewe. Malori ya msaada yakaja: mahindi, maharage, mafuta. Sikuwepo duniani, nasimulia ya mama. Anasema mwanakijiji alipeleka ndizi au muhogo kambini akarudi na mahindi ya msaada na kopo la mafuta, na kila mmoja aliona kapata nafuu. Simlaumu mtu. Mkimbizi alikuwa amechoka na chakula kisicho cha kwao, mwanakijiji alikuwa amepata punje isiyohitaji kupaliliwa. Desemba 1996 Wanyarwanda wale walirudishwa kwao. Malori yakapungua. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

Hapo naweza kuelewa. Nisichokielewa ni sisi, vijana tunaojiita waandishi, ambao hakuna lori lililotulazimisha.

Fungua hadithi zetu. Mhusika akiwa tajiri anakula kuku. Akiwa maskini anakula "ugali na mchicha". Ugali wa nini? Kimya. Akiwa mtoto wa mjini, chipsi mayai. Mwaka juzi nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja (si wa jarida hili, tulieni). Ndani yake kuna mama anapepeta ulezi uani huku akisubiri habari za mwanawe. Upepo unabadilika, makapi yanamrudia usoni, ndipo anapoliona gari. Mhariri alikata "anapepeta ulezi" akaandika "anapika chakula". Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu wasomaji wake ni vijana wa mjini, ulezi hawaujui. Sawa. Ila ukurasa huo huo alikuwa ameacha "baga" na "piza" bila maelezo wala alama ya kunukuu. Hivyo wanavijua! Na makapi yangu je, yatamrudia mama usoni kutoka wapi, kwenye sufuria?

Kukata kule kulikata zaidi ya neno. Mbegu ndogo ina msafara wake wa vitendo: unavuna, unaanika, unapura, unapepeta, unapembua mchanga, unaloweka, unaotesha, unakaanga, unasaga, unachekecha, unasonga. Kila kimoja kina mkono wake, sauti yake, saa yake ya siku, na wimbo wake kama wapo wa kuuimba. Mwandishi anayejua kitendo kimoja tu, "kupika", ana jiko tupu kichwani. Okot p'Bitek, katika Wimbo wa Lawino uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, hakuona aibu kumpa Lawino jiwe la kusagia na jiko la mama yake vimsaidie katika ugomvi wake na Ocol. Na sisi wenye vyeti tunaona jiwe la kusagia ni mambo ya bushi.

Sasa nije kwa kundi la pili. Hili linanichosha zaidi, kwa sababu linajifanya rafiki. Ni wale wanaouza "ulezi tiba" kwenye kichupa chenye picha ya jani. Mbegu za maboga kwa nguvu za kiume. Mtama wa kisukari. Unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili, eti kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo mtoto atakavyokuwa profesa. Bei yake? Bibi yangu angedhani ananunua ng'ombe.

Ndugu zangu hawa wanadhani wanaiinua mbegu. Aa wapi! Wanaifungia. Kitu kikishaitwa dawa, mwenye afya hakihitaji, na anayekihitaji akipona anakiacha. Ni kweli ulezi una madini ya chokaa mara nyingi kuliko mchele au mahindi, hilo halina ubishi. Lakini watu hawajawahi kulima ekari kwa sababu ya madini ya chokaa. Walilima kwa sababu ugali wake ni mtamu, una harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, unashikana na mlenda na mgagani, unakaa tumboni mpaka jioni. Utamu ndio uliolinda mbegu. Mtu wa kichupa hajautaja utamu hata mara moja. Ukimwuliza ugali wa ulezi unasongwaje anakuonyesha kijiko cha chai: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Na hao wanaosema chakula hiki ni cha washamba wasiojua sayansi, niwape kisa cha mtama. Mtama mwekundu ni mchungu kwa sababu ya tanini. Uchungu huo una kazi: ndege hawaupendi. Lima mweupe mahali penye kweleakwelea uone kama utaambulia bua. Basi mkulima wa vilimani akachagua mchungu, halafu akabaki na swali: nitaulaje? Katika nyanda za juu za Burundi, Rwanda na Kigezi jibu lilikuwa majivu. Unaukoroga mtama na majivu ya kuni na maji, unaulaza humo, kisha unauotesha siku chache. Majivu yanaikamata tanini, uchungu unaisha, unga unalika. Kisha vile vichipukizi na vimizizi, ambavyo kwenye mtama vina sumu, vinasuguliwa vikikauka na kupepetwa vyote. Nani aliwaambia kuna sumu? Mtu alitazama, akajaribu, pengine akaugua, akamwambia binti yake. Hiyo si kemia? Au mpaka ivae koti jeupe?

Kimea chenyewe ni hivyo hivyo. Pika uji mzito wa ulezi mpaka kijiko kisimame. Utie kijiko kimoja cha unga wa kimea ukiwa wa vuguvugu, usubiri kidogo: unalegea, unamiminika, na hukuongeza hata tone la maji. Kuota kwa mbegu kumeamsha kitu kinachokatakata wanga. Mtoto mwenye tumbo dogo kama ngumi anakunywa uji mwepesi wenye chakula cha uji mzito. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliuchunguza ujuzi huu, na mradi wa lishe wa Iringa ulioanza 1983 ukaupeleka kwa akina mama kama mafunzo. Akina mama wale walikuwa na kimea ndani tayari! Kilikuwa kwenye mtungi wa pombe. Kilichohitajika ni kukihamisha kutoka mtungini kwenda kwenye bakuli. Ndiyo hoja yangu yote hii, sema wao waliishia kwa mtoto. Mimi namtaka na baba yake.

Lakini ngoja, kuna watu watanipigia makofi hapa na sitaki makofi yao. Ni wanaume. "Kweli kabisa dada, wake zetu warudi kwenye ulezi." Warudi wapi? Umeshawahi kupalilia ulezi wewe? Una ndugu yake wa porini anayefanana naye mpaka utoe masuke ndipo umtambue. Mwanamke anashinda ameinama kutwa nzima akitenganisha pacha na pacha. Umeshapura? Umeshapembua mchanga kwenye punje ndogo kuliko mchanga wenyewe? Ulezi ulikufa kwetu kwa dharau, ndiyo, lakini ulikufa pia kwa mgongo. Wanawake waliuacha kwa akili zao timamu, kwa sababu mahindi yaliwapa saa tatu za kupumzika kwa siku. Kule Bukoba njugu mawe zilikuwa za wanawake, wakizilima kwenye rweya, ile nyika nje ya kibanja cha migomba, kwa jembe lao na jua lao. Migomba ilikuwa na mwenyewe na sifa zake. Rweya ilikuwa na mgongo wa mama. Anayetaka mbegu zirudi na kazi ibaki kwa mtu yule yule, anatafuta mtumishi na kumwita utamaduni.

Kwa hiyo, kaka yangu mwenye makofi: ungo ule pale. Mikono yako haina kasoro. Na mashine za kupura zitengenezwe za punje ndogo, maana mafundi wetu wanatengeneza za mahindi kila siku na vyuma ni vile vile.

Kuna wanaotupia lawama sheria. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya kuuzwa iwe imethibitishwa, na mbegu za bibi hazina cheti, hivyo haziingii dukani. Ni kweli na ni jambo la kupigania. Ila tusijifiche nyuma yake. Hakuna askari atakayekuja kukamata sufuria. Kibuyu cha kwetu hakikuteremshwa na sheria.

Tazama India. Ulezi ulitoka huku kwetu ukafika kule maelfu ya miaka iliyopita. Kusini, katika jimbo la Karnataka, wanauita ragi, na wanausonga kuwa donge la mviringo, mudde, unaolimega na kulizamisha kwenye mchuzi. Anayelila ni mkulima, kuli, dereva, mtu mzima mwenye kazi ya kufanya. Hajaumwa. India ndiyo iliyopendekeza, na Umoja wa Mataifa ukakubali, mwaka 2023 uwe Mwaka wa Kimataifa wa nafaka ndogo ndogo, ulezi na uwele na mtama zikiwemo. Sisi wenye kwao tulifanya nini mwaka ule? Mabango yalikuwepo. Nilihudhuria semina moja ya siku hiyo mjini, sitaitaja. Saa saba tukaletewa chakula: wali, kuku, soda. Ulezi ulikuwa kwenye bango.

Ningetamani jarida kama hili litoe toleo zima lisilo na neno "chakula". Kila mhusika ale kitu chenye jina. Mtu aandike mapenzi yaliyovunjika juu ya sinia la kunde zisizoiva. Mtu aandike mwizi anayekamatwa kwa sababu njugu mawe, hata zikilowekwa usiku kucha, zinataka moto mrefu na hakuwa na subira. Mtu wa Usambara atuandikie kweme: mtambao ule unaopanda mti mpaka kileleni, tunda lake zito la kuweza kumlaza mtu likimwangukia, na mbegu bapa zilizojaa mafuta ambazo wakwe hupigania kumletea mzazi. Si hadithi hiyo? Wakwe wawili na kweme moja?

Kwa asiyejua pa kuanzia: nimepanga chumba Mwanza, jiko langu ni la mkaa, wala sina jiwe la kusagia. Ulezi naununua sokoni, naupembua mwenyewe jioni redio ikiwa inaongea, naukosha, nauanika juu ya bati, napeleka mashineni. Peke yake unga huu haushikani vizuri kwa asiyezoea, kwa hiyo fanya kama Wanyankole na akaro yao: vikombe viwili vya ulezi, kimoja cha muhogo. Maji yachemke hasa, si ya kuimbaimba. Utie unga wote kwa pamoja, uuache kidogo uive katikati, kisha usonge kwa nguvu mpaka ung'ae. Mboga yoyote inayoteleza. Mbegu za mumunye ukizipata, zikaange zisiungue, zitwange, zimwagie mgagani ukikaribia kuepua, hutatafuta nyama.

Mara ya kwanza nilipousonga, jirani yangu alisikia harufu akachungulia mlangoni na uso wa huruma.

"Pole dada. Nani anaumwa humu?"

Nikamwambia hakuna, ni chakula cha mchana. Hakuniamini. Nikamvutia kigoda. Alimega tonge dogo la adabu, kisha jingine si la adabu sana, halafu akaniuliza kama kuna pilipili.